Kwa Nini Barua Pepe ya Kikundi Haiwafikii Wanachama Wote

Vikundi vingi, kuanzia kamati za maji hadi vyama vya ushirika, hutumia anwani moja ya pamoja kuwasiliana. Mwanachama huandika barua pepe moja, huituma kwa anwani ya kikundi, na seva ya kikundi huisambaza kwa wote. Hata hivyo, wakati mwingine baadhi ya wanachama hupata ilani ya mkutano na wengine hawaipati. Maamuzi hufanywa bila wao, na katibu hulaumiwa bure. Somo hili linaeleza chanzo cha tatizo hilo na hatua za kuchukua.

Kinga tatu za barua pepe

Barua pepe ilipoanza, haikuwa na njia ya kuthibitisha mtumaji. Mtu yeyote aliweza kuandika anwani ya mwingine mahali pa mtumaji. Matapeli hutumia mwanya huo kutuma zabuni na ankara bandia. Ili kuuziba, kinga tatu hutumika:

1. SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa niaba ya kikoa fulani. Kikoa ni sehemu ya anwani inayofuata alama ya @.

2. DKIM ni sahihi ya kidijitali inayowekwa kwenye barua. Sehemu iliyotiwa sahihi ikibadilishwa njiani, sahihi hiyo haithibitiki tena.

3. DMARC ni agizo la mwenye kikoa kwa seva zinazopokea barua. Angalau moja kati ya kinga mbili za kwanza lazima ifaulu, tena kwa kikoa kile kile ambacho msomaji anakiona mahali pa mtumaji. Barua isipofaulu, mwenye kikoa anaweza kuagiza isichukuliwe hatua yoyote, itengwe pamoja na barua taka, au ikataliwe kabisa.

Tatizo linaanzia wapi?

Tuseme katibu wa kamati ya maji ana anwani ya Yahoo, na anatuma ilani kupitia anwani ya kikundi. Seva ya kikundi inaongeza jina la kikundi kwenye kichwa cha barua na maelezo mafupi chini yake. Hapo sahihi ya DKIM imeharibika. Kisha seva hiyo, ambayo haimo katika orodha ya Yahoo, inaituma barua ikiwa bado na anwani ya katibu. Kwa seva inayopokea, barua hii halali haina tofauti na ya tapeli, nayo huikataa.

Hayo ndiyo yaliyotokea Aprili 2014, Yahoo ilipoagiza kwamba barua zenye anwani zake zisizothibitishwa zikataliwe. AOL ilifuata mwezi huo huo. Seva za vikundi zilihesabu barua zilizorudishwa na kuwasimamisha wanachama. Waliosimamishwa wengi hawakuwa watumiaji wa Yahoo, bali ni wale waliokuwa wapokeaji tu.

Kinga hizi hazitaondolewa. Tangu Februari 2024, Google inamtaka kila anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa watumiaji wa Gmail awe na SPF, DKIM na DMARC.

Hatua za kuchukua

Msimamizi wa kikundi aiwekee programu yake mpangilio wa kuonyesha anwani ya kikundi mahali pa mtumaji, huku jina la mwandishi likibaki. Programu ya Mailman ina mpangilio huo. Njia nyingine ni kusambaza barua bila kuongeza wala kupunguza chochote, ili sahihi ibaki salama. Pia akague orodha mara kwa mara aone ni nani amesimamishwa, na kwa nini.

Ofisi yenye kikoa chake isikimbilie agizo la kukataa. Ianze na agizo lisilochukua hatua, isome ripoti za DMARC, irekebishe kasoro, kisha ikaze taratibu.

Nawe mwanachama, ukiona barua za kikundi zimekoma, angalia kwanza kwenye barua taka, kisha umwulize msimamizi. Kabla ya kujibu, hakikisha jibu lako linakwenda kwa mtu mmoja au kwa kikundi kizima, kwa sababu anwani inayoonekana huenda ni ya kikundi.

Kumbuka pia kwamba tapeli anaweza kusajili kikoa kinachofanana na cha ofisi, na barua yake ikapita kinga zote tatu. Soma anwani herufi kwa herufi kabla ya kutuma pesa au stakabadhi.

Kwa ilani zenye uzito, kama vile za mikutano ya bajeti, barua pepe isiwe njia pekee. Ziambatane na ujumbe wa simu, na tangazo libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya wadi.