Kutoka Kamera hadi Fotokopi: Somo kwa Ofisi za Kata na Vijiji

Mwananchi anayeomba mkopo wa kikundi, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, huacha ofisini nakala ya kitambulisho, picha yake ndogo na sahihi yake. Vitu hivyo hupita katika kamera, skana, printa na mashine ya fotokopi. Kampuni ya Canon ya Japani ni mfano mwema wa kujifunzia, kwa kuwa hutengeneza vyombo hivyo vyote, na anayekielewa kimoja hatapata taabu kuvielewa vilivyosalia.

Kazi yake ilianza mwaka 1933 mjini Tokyo, katika karakana ndogo iliyokusudia kuunda kamera ya filamu ya milimita 35 ya kushindana na zile za Ujerumani. Kamera ya majaribio ya mwaka 1934 iliitwa Kwanon, kwa jina la Kannon, ambaye Wabudha wa Japani humheshimu kwa huruma yake. Iliyofika sokoni baadaye, Hansa Canon, ilitumia lenzi ya Nippon Kogaku, kampuni ambayo leo inaitwa Nikon. Mshindani wa leo ndiye aliyekuwa mgavi wa jana. Kikokotoo cha mezani, Canola 130, kilifuata mwaka 1964, na mashine ya fotokopi, NP-1100, mwaka 1970.

Safari ya kutoka kamera hadi fotokopi si ndefu kama inavyodhaniwa. Ndani ya fotokopi ya mtindo wa awali mna silinda iliyopakwa kitu kinachobadilika kikipigwa na mwanga, kama filamu. Silinda hutiwa chaji ya umeme tuli, kisha taa humulika waraka. Sehemu nyeupe za waraka huakisi mwanga, nao hupita katika lenzi na kuifuta chaji. Penye maandishi, chaji hubaki. Unga mweusi uitwao tona hunasa hapo tu, huhamia kwenye karatasi, na joto huuyeyusha ukashikamana nayo. Ndiyo maana nakala hutoka ikiwa na uvuguvugu. Ndiyo maana pia nguo iliyomwagikiwa tona hukung'utwa na kufuliwa kwa maji baridi, kwani maji ya moto huugandisha unga huo katika uzi.

Mashine za zamani zilimhitaji fundi mara kwa mara. Mwaka 1982 zilitoka PC-10 na PC-20, ambazo silinda, tona na kisafishio chake viliwekwa katika katriji moja ambayo karani mwenyewe huichomoa na kuweka nyingine. Kwa ofisi iliyo mbali na mji, hilo ni kubwa kuliko uzuri wa picha au kasi ya kuchapa. Utaratibu huo uliingia pia katika printa ndogo za leza, ikiwemo LaserJet ya HP ya mwaka 1984, iliyojengwa juu ya mtambo wa Canon.

Katriji, hata hivyo, ina gharama. Idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye boksi hukadiriwa kwa ukurasa uliofunikwa na wino takriban asilimia 5 tu. Kitambulisho kinachonakiliwa kifuniko kikiwa wazi hutoka na weusi pande zote, na weusi huo usio na faida kwa yeyote hutumia tona ambayo ingetosha kurasa nyingi za barua. Kifuniko kifungwe. Rimu ya karatasi nayo isiachwe wazi, hasa wakati wa masika, kwa sababu karatasi yenye unyevu hukwama.

Ofisi zinazotegemea umeme wa jua zinahitaji hadhari zaidi. Printa ya leza inapopasha joto huvuta mamia ya wati, pengine zaidi ya 1,000, na inveta ndogo huzidiwa. Printa ya matangi ya wino, kama zile za PIXMA G, hutumia umeme kidogo sana. Kasoro yake ni kwamba wino hukauka katika matundu ikiachwa kwa majuma mengi bila kazi. Ukurasa mmoja wa rangi kila juma huizuia hasara hiyo.

Lililo zito zaidi halionekani kwa macho. Mashine nyingi kubwa za ofisi, zile zinazonakili, kuskani na kuchapa kwa pamoja, zina diski ya kuhifadhia, na sura za nyaraka zilizopita zinaweza kubaki humo. Mashine ikiuzwa kama chakavu, vitambulisho na sahihi za wananchi huenda vikaondoka nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisifikiwe na asiyehusika. Kwa hiyo ofisa mwenye dhamana ya mashine amwite mtaalamu wa TEHAMA aifute diski hiyo au aitoe, na jambo hilo liandikwe katika daftari la mali kabla mashine haijapakiwa garini.