KINGA YA MLIMA ISIYO NA RESORI: NAMNA YA KUKAA NAYO MIAKA MINGI



Wengi wametuuliza: "Kwa nini munaangaika na ile kinga nzee ya shule? Haina hata resori mbele. Si ingefaa kuuzishwa?" Ulizo hili limefika mpaka ku komite ya wazazi, nayo itakata shauri mwisho wa trimestre. Kwa hiyo tumeona vema kujibu hapa, kwa maandishi. "Sisi" ni wanafunzi watano wa atelye pamoja na mwalimu wetu wa fizika. Tunaomba musome mpaka mwisho mbele ya kubishana.

Kwanza tujue ni kinga ya namna gani. Kinga munayoijua kijijini ni ile nyeusi ya magurudumu makubwa ya 28, yenye kubeba ndizi na makala. Yetu ni nyingine. Magurudumu yake ni ya 26, pine zake ni pana na zina meno, usukani umenyooka, na mbele iko na magurudumu matatu ya meno, nyuma sita. Ni kinga ya mlima. Aina hii ilizaliwa Marekani, jimbo la California, ku mlima Tamalpais katika Marin County. Katika miaka ya 1970 vijana wa kule walichukua kinga nzito zilizotengenezwa miaka ya 1930 na 1940, wakashuka nazo njia za udongo na mawe. Freni ilikuwa ndani ya gurudumu la nyuma: ukitaka kusimama, unasukuma pedali kinyume. Mu mteremko ule freni ilipata moto hata grese ikatoka moshi, na ukifika chini unapashwa kufungua yote na kutia grese mpya. Ndiyo sababu mashindano yao, yaliyoanza tarehe 21 Oktoba 1976, yaliitwa Repack, maana yake "jaza tena".

Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza kadre mpya kwa kazi ile tu. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuziuzisha, kadre zikitengenezwa na Tom Ritchey. Na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, moja ya zile za kwanza kutoka ku kiwanda kwa wingi. Zote zilikuwa na uma mgumu mbele, chuma tupu. Uma wa resori wa RockShox ulianza kuuzishwa mwaka 1989 tu. Basi wale watu waliteremka milima zaidi ya miaka kumi bila resori hata moja. Anayesema kinga yetu "imekosa kitu" anakosea. Haikupungukiwa, njo namna ilivyozaliwa.

Sasa utauliza, resori iko wapi? Iko mu pine. Hewa ni kitu cha kunesa, na pine pana inabeba hewa nyingi. Kosa la watu wengi huku ni kujaza mpaka pine inakuwa kama jiwe, ati isitoboke. Kiisha wanalia mikono inauma. Mwenye uzito wa kilo 60 asiye na mzigo, baa 2 mbele inatosha, nyuma kidogo zaidi. Akiwa na mzigo, aongeze nyuma mpaka 3. Resori nyingine ni magoti na viwiko vyako: inuka ku kiti unapofika ku mawe. Munajua chukudu za Goma: ni za mbao na vipande vya mpira, na angalia mizigo zinayobeba.

Kuna waliosema, basi tununue uma wa resori peke yake, tuufunge ku kinga hii. Tulipima. Uma wetu, toka katikati ya gurudumu mpaka juu unapogusa kadre, ni karibu senti 40. Uma wa resori yenye kwenda senti 10 ni karibu senti 47. Ukiufunga, mbele kunainuka senti 7, usukani unalala nyuma, kinga inakuwa nzito kugeuza, na kadre inavutwa kwa nguvu isiyotengenezewa. Tena ule wa bei ndogo unaouzishwa ku soko una vyuma vyembamba vya kuteleza ndani. Matope yakiingia, kutu inaanza, na baada ya masika mbili haunesi tena. Hapo uko na uma mgumu ulio mzito mara mbili ya ule ulioutoa! Uma wetu hauna mpira wa kuzuia mafuta, hauna mafuta, hauna kitu cha kufungua. Kuusafisha ni kitambaa.

Lakini tusidanganyane. Kusema kinga ni rahisi si kusema haina kazi. Sisi wenyewe tulijifunza hilo kwa kuumiza mtu.

Kinga yetu ilifika hapa mwaka 2006, ikiwa tayari nzee. Kwa freni zake na meno yake tunafikiri ni ya mwisho wa miaka ya 1980. Kazi yake ni kupeleka barua na kuleta dawa za infirmerie, kilometa 14 kwenda, na mteremko munaujua wote. Mwaka 2019, mu masika, mjumbe wetu alikuwa anarudi na kartoni ya dawa. Asubuhi ile tulikuwa tumeangalia kamba za freni, tukazipaka mafuta, tukasema iko mzuri. Hatukuangalia viatu vya freni, ile mipira inayobana janti. Vilikuwa vimekwisha. Mu kona ya pili chuma kilikula janti, freni haikushika, naye akachagua kuanguka upande wa mlima kuliko upande wa bonde. Mkono ulivunjika. Dawa nyingi hazikumwagika, na watu walifurahi juu ya hilo mbele yake, jambo lililotuletea haya.

Tangu siku ile tunajua vitu vinavyokwisha kimya. Kitu kinacholia hakiogopeshi; mtu anakisikia, anakitengeneza. Kile kisicholia njo cha kupima.

Mnyororo ni wa kwanza. Watu wanasema mnyororo "umevutika". Chuma hakivutiki kama mpira; ni vipini vyake vinavyokulika pole pole pamoja na matundu yake, na kila kimoja kinatoa nafasi kidogo. Toka kipini mpaka kipini kinachofuata ni milimita 12,7. Basi chukua rula yako ya senti 30, ile ya jeometria. Mwambie mwenzako akanyage pedali kidogo ili mnyororo ukaze. Weka sifuri katikati ya kipini kimoja, hesabu vipini 20 mbele. Mnyororo mpya utaonyesha milimita 254 kamili. Ukipita 255 na kidogo, nunua mwingine. Ukifika 256 na nusu, umechelewa: umekula na meno ya nyuma pia, na mnyororo mpya utaruka juu yake ukipanda. Sisi tulichelewa mara moja. Tuliacha mnyororo miaka ine, tukauona unatembea vizuri, tukajisifu kwa kuchunga feza. Kumbe tulilipa mnyororo na meno yote sita siku moja.

Meno haya yana faida ambayo kinga nyeusi haina, na wa mwaka wa tatu wanaweza kuihesabu. Gurudumu letu likizunguka mara moja linakwenda karibu metre 2,05. Gurudumu dogo la mbele lina meno 28, na kubwa la nyuma 28: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara moja, metre 2,05. Gurudumu kubwa la mbele lina 48, dogo la nyuma 14: gawa, zidisha, utapata metre 7. Kwa hiyo kinga moja inapanda kama mbuzi na kukimbia ku sawa.

Sasa bomba la kiti. Hili ni jambo dogo lililotutesa kuliko yote. Kadre yetu ni ya chuma, bomba la kiti ni la aluminyumu. Vyuma viwili visivyo sawa vikikaa pamoja mu maji na jasho vinakulana, na kutu ile nyeupe inajaa mpaka hakuna kinachosogea. Miaka mingi hakuna aliyeligusa, sababu mjumbe alikuwa mmoja tu. Alipovunjika mkono, yule wa kumsaidia alikuwa mfupi. Tukafungua bulo, tukavuta: hapana. Tukapiga na mbao: hapana. Tulitia mafuta mepesi siku sita, asubuhi na jioni. Kiisha tukageuza kinga kichwa chini, tukabana kichwa cha bomba mu etau ya atelye, wawili wakashika kadre na kuizungusha kama usukani wa kamyo. Siku ya saba ililia sauti kubwa, ikatoka. Bomba lile liliharibika, lakini kadre ilipona. Tangu hapo tunalitoa kila miezi sita, tunapangusa, tunapaka grese, tunarudisha. Dakika tano. Vilevile tunakumbuka kwamba pedali ya kushoto inafunguka kinyume, kwa kufuata saa. Mmoja wetu, hatumtaji, alirukia ufunguo kwa miguu yote miwili akiikaza zaidi.

Juu ya pine tunasema kwa kifupi, ila musikie vizuri. Kuandikwa 26 hakutoshi. Iko 26 ya kinga ya mlima na iko 26 nyingine, ile ya 26 x 1 3/8, nazo haziingiliani. Tulikwenda sokoni, tukanunua 26, tukarudi kilometa 14 nayo shingoni, haikuingia. Angalia namba ndogo pembeni ya pine: yetu inapashwa kuwa na 559. Ile nyingine iko na 590. Muuzishaji akikuambia "ni sawa", mwonyeshe namba.

Kadre, ndiyo mifupa, tunaiosha na kuiangalia chini, karibu na usukani, mahali bomba mbili zinapoungana. Chuma kizuri kikitaka kuvunjika mara nyingi kinaonya: rangi inapasuka kama unywele, kutu inatoka mu mstari ule. Ukiona hivyo, usipande. Kinaweza kutengenezwa, lakini si na kila fundi. Bomba hizi katikati ni nyembamba, chini ya milimita moja, na mashine ya kuchomelea milango inazitoboa. Inafaa fundi wa moto wa gazi na shaba ya njano. Na chini kabisa, kwenye pedali, mara nyingi kuna tundu dogo la kutoa maji. Musilizibe kwa matope.

Wanaosema kinga hii ina ubaya wako na haki. Mu mvua freni zake zinashika kwa kuchelewa. Ku mawe makubwa utashuka pole pole kuliko mwenye resori nzuri, na jioni mikono inajua. Huko kwa matajiri magurudumu ya 26 yameachwa kwa yale makubwa zaidi. Lakini ku soko letu pine za 559 zinapatikana kila juma, na mpaka leo hatujakosa kipande kimoja cha kinga hii kwa zaidi ya mwezi.

Isipokuwa sasa. Freni zinabana janti, na kila mara zinaikula kidogo. Weka makali ya rula wima ku ukuta wa janti, tazama kwa mwangaza. Ukuta mzima unagusa rula juu mpaka chini. Ukuta uliokulika una shimo katikati, mwangaza unapita. Hewa ya pine inasukuma ukuta ule inje kila saa. Siku moja unapasuka, na mara nyingi ni wakati unapofunga freni mu mteremko. Janti yetu ya mbele inapitisha mwangaza. Tuliipima mwezi wa tatu, tukatoa gurudumu siku ile ile, na ufunguo wa stoo ukapelekwa kwa bwana prefe, sababu tunajijua. Tangu hapo mjumbe anakwenda kwa miguu, na dawa zinafika kesho yake.

Hivi tunaomba komite jambo moja tu: janti ya 559 yenye matundu 36, yenye kimo sawa na ile nzee. Kimo kikiwa sawa, spoki zilezile zinatosha. Tutafunga janti mpya ubavuni mwa nzee na kuhamisha spoki moja moja, hivi hakuna atakayepotea mu hesabu. Tumeweka bei yake na bei ya kinga mpya ya resori ku karatasi moja, iko ku mlango wa atelye.

Gurudumu la mbele liko juu ya meza chini ya baraza. Jumamosi saa nane wazazi wa komite watakuja kuliona. Mwenye rula ya chuma atuletee; zetu za mbao zimekwisha meno.