Hesabu Saa Zako Kabla ya Kupokea Kitenge

Wadogo zangu wapendwa, leo nazungumza na mwenzetu mmoja wa Kalundu, hapa Uvira. Nyinyi wengine wenye mashini ya kushona nyumbani sogeeni karibu, maana shauri lake ni letu sote.

Ana watoto wanne, wa mwisho ana mwaka na nusu. Baba watoto ni mvuvi. Mama mkwe anaishi nao. Asubuhi anaanika ndagala, mchana anapika, na katikati ya hayo anashona. Sasa amepokea blauzi 14 za kwaya kwa ajili ya Pasaka, na juu yake gauni 6 za sare ya harusi, vyote ndani ya wiki tatu. Ananiuliza: Yaya, nilale saa ngapi?

Mdogo wangu, usingizi wako usiuguse. Mimi nilishauchezea. Mwaka mmoja nilikuwa na kazi ya kwaya kama hiyo yako, nikakata usiku kwa mwanga wa taa ndogo, nikatoa mikono miwili yote ya kushoto. Sokoni kitenge cha rangi ile kilikuwa kimekwisha. Nyuma yangu kitandani mtoto alikuwa ananiita, mwili unamchemka, nami namjibu asubiri nimalize mshono. Kulipia kitenge cha watu nililipia, yakaisha. Lakini alfajiri tulimkimbiza mtoto hospitali, malaria imeshampanda, na ile sauti yake ya kuniita ningali naisikia. Tangu siku hiyo sikati kitambaa jua likishazama.

Na sisi wa Uvira jua letu tunalijua. Linachomoza ng'ambo, juu ya milima ya Burundi, linapiga moja kwa moja mlangoni. Jioni linajificha mapema nyuma ya milima ya Mitumba, na kivuli kinatufunika huku wenzetu wa Bujumbura wangali wanaota jua. Mwanga wa kukatia, wa kupima na wa kutunga uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi ni wa asubuhi. Kwa hiyo usiseme utashona ukimaliza kazi zote. Kazi za nyumbani haziishi, na zikipungua mwanga umekwenda. Mpe fundi asubuhi yake, uoshaji wa vyungu uende jioni.

Tuhesabu sasa, chukua kalamu. Umeniandikia kwamba ndagala zikishaanikwa na watoto wakiwa shuleni, unapumua kuanzia saa tatu mpaka saa tano na nusu, kisha unakoka makala. Hizo ni saa mbili na nusu. Jumamosi ina salongo, ile kazi ya usafi ya pamoja, na kufua, Jumapili ni ya ibada, basi shika siku tano kwa wiki. Wiki tatu ni siku 15, yaani saa 37 na nusu. Blauzi moja, kwa maneno yako, inakula saa tatu, na nusu saa ya hizo ni kazi ya mkono: vifungo na pindo. Mezani na kwenye mashini inabaki saa mbili na nusu. Zidisha kwa 14: saa 35. Umebakiwa na saa mbili na nusu tu, sawa na asubuhi moja. Asubuhi hiyo usiiuze. Ni ya mtoto atakayeugua, ya sindano itakayokatika, ya mvua itakayokufanya uanue samaki mbio. Gauni 6 za harusi ziingie wapi?

Hazina pa kuingia. Hapo ndipo usingizi wako ulipoibiwa, siku ile uliposema ndiyo na kupokea avansi kabla ya kuhesabu.

Kuna jambo lingine nataka wanaume na mama wakwe walisome pia. Zamani za Wabelgiji, kule Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, kulikuwa na nyumba ya mafunzo ya wanawake iliyoitwa Foyer Social. Ilifanya kazi kuanzia 1946 hadi 1960. Mama zetu na nyanya zetu walifundishwa humo kushona, kupiga pasi, kupika na kutunza watoto wachanga, ili wawe wake wa nyumbani wanaopendeza macho ya Mzungu. Mishono yao ilikuwa mizuri kweli, lakini kazi yenyewe ilihesabiwa kama pambo la nyumba. Naona wazo hilo bado limekaa vichwani mwetu. Mwanamke ameinama kwenye mashini, na kila mtu anaona ni halali kumwinua: leta maji, fungua mlango, shika mtoto. Mvuvi anayetengeneza nyavu haitwi hivyo. Fedha ya mashini inanunua madaftari na unga kama fedha ya ndagala, basi nayo ipewe heshima ya kazi.

Kwa hiyo kaa na watu wako, sema saa zako waziwazi. Mama mkwe anaweza kuketi karibu na ndagala, afukuze ndege na kumshika mjukuu. Muombe kwa upole, na blauzi yake ya Pasaka isiwe ya mwisho. Mtoto wako wa miaka kumi na miwili, mvulana au msichana, achote maji kabla ya shule. Baba watoto usimsahau. Wavuvi wetu huvuta ndagala kwa taa usiku, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, kwa hiyo mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Siku hizo mume yuko nyumbani na samaki wa kuanika ni wachache. Angalia mwezi utapevuka lini, kata vitambaa vingi siku hizo, yeye akiwa na watoto. Mume anayelisha familia kwa ziwa hatapungukiwa na kitu akimwogesha mwanawe.

Kazi ya mkono itembee nawe. Weka kwenye kimfuko blauzi mbili za kupindwa, uzi, vifungo, na sindano umeichoma kwenye kipande cha sabuni: haipotei, haimchomi mtoto, na inateleza vizuri kwenye kitambaa kigumu. Foleni ya bomba, benchi la kituo cha afya siku ya chanjo, kungoja sombe iive, hapo pindo zinakwisha. Wanaofuma vitambaa vya viti wanalijua hili miaka yote. Ila nawa mikono kwanza kwa ndimu na sabuni. Harufu ya ndagala ikishaingia kwenye kitenge cha mtu, haitoki kwa pasi.

Vitambaa vya watu usivilundike chini ya kitanda. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 Mto Mulongwe ulishuka na mawe na matope, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi za mji huu. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda, likaingia katika nyumba za pwani, na nyinyi wa Kalundu mliyaona maji. Tia kila kitambaa katika mfuko wa plastiki wenye jina, kiweke juu. Na kumbuka kwamba kila yadi unayolaza nyumbani ni deni mpaka mwenyewe aichukue. Hiyo nayo ni sababu ya kupokea kidogo.

Mwakani jipange mapema. Sketi za bluu na mashati meupe ya shule hazibadiliki rangi, na wazazi wote huamka mwishoni mwa Agosti. Wewe zishone Juni na Julai, kiangazi, kwa vipimo vya kila umri, uzitundike. Nguo za tarehe 8 Machi, za Pasaka, za Noeli na Bonane zina siku zinazojulikana. Andika ukutani siku ya mwisho ya kupokea kitambaa, na ikifika, funga mlango hata kwa shoga yako. Nanyi wateja, nawaomba, msimletee fundi vitenge wiki ya Pasaka kisha mkamwita mwongo.

Mdogo wangu wa Kalundu, kesho asubuhi, kabla hujaweka mkasi kwenye kitenge cha harusi, kikunje vizuri. Mpelekee bibi harusi mwenyewe pamoja na avansi yake yote, mwambie ukweli, na umwelekeze kwa fundi mwingine unayemwamini. Wiki tatu zingali zinamtosha. Akikasirika, mwache akasirike. Halafu rudi nyumbani ukalale.