SOMO LETU: KUCHAGUA PEDI ZA BREKI ZA PIKIPIKI

Pikipiki yenye breki za diski inapoteremka Kitonga, Iringa, na mtu na mzigo, inashikwa na pedi. Leo tujifunze kuzichagua.

Kwanza, tuzikague za zamani. Sehemu inayosugua diski ikibaki unene wa milimita 2, tuzibadilishe. Zilizolowa mafuta nazo tuzitupe, hazishiki tena.

Pili, twende dukani na pedi za zamani mkononi. Tulinganishe umbo na matundu. Hazilingani? Tusinunue, hata ziwe rahisi namna gani.

Tatu, tujue aina. Pedi za unga wa chuma hustahimili joto, matope na safari ndefu. Za nyuzi ni laini, hufaa safari fupi, lakini huisha upesi.

Tubadilishe pedi zote za gurudumu moja kwa pamoja. Kabla ya kuondoka, tuminye breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Tukisahau hapo, tutaminya njiani na pikipiki isisimame! Siku za mwanzo twende polepole, mpaka pedi zizoee diski.

Maswali
1. Pedi zibadilishwe zikibaki unene gani?
2. Kwa nini twende dukani na pedi za zamani?