Swali na jibu: Rangi za msimbo kwa Commodore 64

Swali: Kihariri kinachopaka msimbo wa BASIC rangi kina faida, au ni pambo tu?

Jibu: Kina faida, mradi kifuate kanuni za mashine yenyewe. BASIC ya Commodore 64, kompyuta ya mwaka 1982, hutambua amri hata katikati ya neno: andika SCORE=10, nayo itaona OR humo ndani na kukwama kwa SYNTAX ERROR. Kihariri cha jumla huliacha neno zima na rangi moja. Hapo, niseme wazi, kinakudanganya. Utasema wakongwe waliandika bila rangi. Kweli, lakini kosa kama hilo walilibaini programu ilipofika kwenye mstari huo, si kabla. Jaribu kihariri chako kwa TOTAL: TO isipojitenga kwa rangi, tafuta kingine.