Kioo Kimekufa, Picha Zipo: Jinsi ya Kutoa Data kwenye Simu Mbovu kwa Kompyuta

Hapa Kizuka, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, simu hazisubiri kuzeeka ndipo zife. Zinateleza mtumbwini alfajiri ndagala zikishushwa, zinadondoka kwenye lami ya barabara ya Bujumbura mwenyewe akiwa juu ya pikipiki, zinabanwa na madumu ya mawese siku ya soko. Mwenye simu anapokuja kwangu na kioo kilichopasuka, swali lake la kwanza huwa si bei ya kioo. Huuliza: "Picha zangu zimepotea?"

Mara nyingi hazijapotea. Picha, namba za watu, sauti na mazungumzo havikai kwenye kioo. Vimo kwenye chipu ndogo iliyochomelewa juu ya bodi, ndani kabisa ya simu. Kioo kinaweza kusagika chote na chipu isiguswe. Kazi inayobaki ni kuifikia, na hapo ndipo kompyuta inapoingia. Nimeifanya kazi hii kwa wavuvi, kwa akina mama wauza mawese, kwa walimu na kwa ndugu zetu waliovuka ziwa kutoka Kongo. Naandika hapa hatua ninazofuata, ili nawe usitupe simu ambayo bado ina mali yako ndani.

Kwanza, toa wasiwasi wa pesa

Wengi hufika wakiwa na hofu ya pesa zao za simu, Lumicash au Ecocash. Pesa hizo hazimo ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti yako katika kampuni ya mtandao, zimefungwa na namba yako na namba yako ya siri. Chomoa laini, iweke kwenye simu nyingine yoyote, hata ya vitufe, kisha uliza salio. Kama laini nayo imevunjika, nenda na kitambulisho ukaombe nyingine ya namba ileile. Ukishamaliza hilo, akili inatulia na unaweza kushughulikia picha bila haraka.

Jua ni kitu gani kilichokufa

Usinunue chochote kabla ya kujibu swali hili. Ila kama simu imeingia maji, usijaribu haya; nenda moja kwa moja kwenye hali ya tatu hapa chini. Rudisha laini ndani ya simu mbovu, ipigie kwa simu nyingine. Inalia? Inatetemeka? Ichomeke kwenye chaja uone kama inatoa mlio au taa. Ichomeke kwenye kompyuta usikilize kama kompyuta nayo inalia kuonyesha imepata kifaa kipya.

Majibu yatakuweka katika moja ya hali tatu. Ya kwanza: simu inaonyesha picha, ila kioo hakisikii kidole. Ya pili: simu inalia na kutetemeka, ila kioo ni cheusi. Ya tatu: kimya kabisa, haina dalili ya uhai. Kila hali ina njia yake.

Vifaa vya kazi

Unahitaji kompyuta yenye nafasi ya kutosha, mausi ya waya, na kiunganishi cha OTG, kile kidogo kinachokuwezesha kuchomeka mausi kwenye tundu la chaji la simu. Kinapatikana kwa wauza vifaa vya simu.

Kebo ndiyo inayowaangusha wengi. Kebo kamili ya USB ya kawaida ina nyaya nne ndani: mbili za umeme na mbili za data. Kebo nyingi za bei ya chini zimewekewa zile mbili za umeme tu. Zitachaji simu vizuri, lakini kompyuta haitaona kitu hata ukikesha. Kabla ya kuihukumu simu, ijaribu kebo yako kwenye simu nzima. Simu nzima ikionekana kwenye kompyuta, kebo ni nzuri.

Chaji kompyuta na simu zijae kabla ya kuanza. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili iliyokuwa njiani huharibika, na unalazimika kuanza upya kutafuta ulipofika.

Hali ya kwanza: picha inaonekana, kidole hakisikiki

Hii ndiyo nyepesi. Chomeka mausi kwa OTG. Mshale utatokea juu ya kioo, nawe utabofya kama ulivyokuwa ukigusa. Fungua simu kwa namba yako ya siri au patani. Hata patani inachorwa kwa mausi, unabana kitufe cha kushoto na kuvuta.

Lakini mausi imekalia tundu lilelile linalohitajiwa na kebo ya kompyuta. Ukiichomoa, simu inaweza kujifunga tena. Kwa hiyo, kabla ya kuichomoa, ingia kwenye mipangilio ya usalama uondoe kufuli la skrini kwa muda. Kisha washa mipangilio ya watengenezaji: nenda kwenye taarifa za simu, bofya namba ya toleo mara saba. Humo ndani tafuta mpangilio wa kawaida wa USB uchague kuhamisha faili. Simu nyingi hapa kwetu ziko kwa Kifaransa, hivyo utaona maneno *Transfert de fichiers*. Ukishachagua hivyo, chomoa mausi, chomeka kebo, na kompyuta itaifungua simu bila wewe kugusa kioo.

Ukiwa humo humo, washa pia *Débogage USB*. Hiyo ndiyo inayoruhusu programu ya scrcpy kufanya kazi. Ni programu ya bure iliyotolewa na kampuni ya Genymobile mwaka 2018, nayo huonyesha skrini ya simu juu ya kompyuta na kukuwezesha kuiendesha kwa mausi na kibodi. Inataka Android 5 au zaidi. Ujue sharti lake: mara ya kwanza simu itauliza kama unaiamini kompyuta hiyo, na lazima mtu ajibu kwenye simu yenyewe. Ndiyo maana inamfaa zaidi aliyeiandaa simu yake ikiwa bado nzima.

Hali ya pili: simu inalia, kioo ni cheusi

Kuna simu za bei ya juu zinazoweza kutoa picha kupitia tundu la chaji hadi kwenye televisheni. Tecno na Itel za bei ya chini ninazoletewa hazina uwezo huo. Kwa hizo, njia inayofanya kazi ni kuazima kioo.

Nenda kwa fundi mwenye simu nyingine ya aina ileile, au kioo cha aina hiyo ambacho hakijauzwa. Kazi yenyewe ni ya kutazamwa kwa karibu. Fundi anafungua mgongo, na cha kwanza anachomoa kiunganishi cha betri. Asipofanya hivyo anaweza kuunguza bodi. Kisha anainua kwa ukucha wa plastiki utepe mwembamba wa kioo kilichokufa, na mahali pake anabana utepe wa kioo cha kuazima hadi usikie mlio mdogo wa kuingia. Kioo hakigundishwi. Kinalala tu pembeni ya simu, kimeshikwa na utepe wake. Anarudisha betri, anawasha, na simu inaamka ikiomba namba ya siri.

Mama mmoja muuza mawese alikuwa amepiga picha kila ukurasa wa daftari lake la madeni, na daftari lenyewe lilikuwa limeloa mvua. Simu ilikuwa ikilia tu, kioo giza tupu. Tuliazima kioo, akaweka namba yake mwenyewe, tukachomeka kebo, na kurasa zikatokea moja baada ya nyingine: jina, idadi ya madumu, tarehe, kiasi cha faranga kilichobaki. Baada ya hapo kioo kilirudi kwa mwenyewe. Mama alilipa kazi ya fundi tu, na ile pesa ya kioo kipya ikabaki mfukoni mwake.

Kunakili bila kupoteza

Simu ikishafunguliwa na kebo ikiwa imeingia, vuta chini orodha ya taarifa. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu ikichomekwa kwenye kompyuta huanza kwa kuchaji tu, kwa hiyo lazima uiambie mwenyewe: *Transfert de fichiers*. Watu wengi huona folda tupu wakadhani data imekufa, kumbe simu imejifunga au hawajachagua hapo.

Nakili kwa mpangilio huu:

1. Folda ya DCIM, ndiyo yenye picha na video za kamera.
2. Folda za Pictures, Download na rekodi za sauti.
3. WhatsApp. Kuanzia Android 11 iko ndani ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp. Chukua folda yote. Humo mna picha ulizotumiwa, na pia folda ya Databases yenye akiba ya mazungumzo ambayo WhatsApp huitengeneza kila usiku saa nane. Ukiiweka mahali palepale kwenye simu mpya kabla ya kusajili namba yako ileile, programu itakuuliza kama urudishe mazungumzo. Kubali.
4. Namba za watu. Hizi hazionekani kama faili. Fungua orodha ya majina kwenye simu, chagua kuzihamishia kwenye hifadhi, na faili moja inayoishia kwa vcf itatokea. Inakili hiyo.

Nakili, usihamishe. Ukihamisha na kebo ikatikisika, faili inaweza kukosekana pande zote mbili. Ukimaliza, fungua picha chache za zamani na chache za karibuni kwenye kompyuta uhakikishe zinafunguka. Hapo tu ndipo simu iende kwa matengenezo mengine.

Kwa iPhone kanuni ni ileile: lazima ifunguliwe kwa namba ya siri na mwenyewe akubali kuiamini kompyuta. Kioo kikiwa kimekufa, njia ni kuazima kioo pia.

Hali ya tatu: kimya, hasa baada ya kuanguka ziwani

Maji ya Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, lakini yana madini yanayopitisha umeme. Kinachoua bodi ni umeme kupita juu ya unyevu. Kwa hiyo usiiwashe kujaribu, usiichomeke chaja. Zima kama bado inawaka, toa laini na kadi ya memori, futa maji. Usiizike kwenye mchele; kampuni ya Apple yenyewe iliwaonya wateja wake dhidi ya mchele mwanzoni mwa mwaka 2024, kwa sababu vipande vidogo vyake vinaweza kuingia ndani na kuiharibu. Mpelekee fundi haraka, achomoe betri na kuisafisha bodi kwa spiriti safi kabla kutu haijaanza. Hapa kompyuta haina la kufanya mpaka bodi iwake. Ikiwaka hata kwa saa moja, usianze na kioo wala spika. Nakili kwanza.

Kama picha zilikuwa kwenye kadi ya memori, una bahati. Chomoa kadi, iweke kwenye kisomaji, ichomeke kwenye kompyuta. Hata zilizofutwa zinaweza kurudi: programu ya bure ya PhotoRec husoma kadi bila kuandika juu yake na kuokoa picha, ingawa majina ya faili hupotea. Sharti ni moja: usipige picha nyingine kwenye kadi hiyo, na picha zinazookolewa uzihifadhi kwenye kompyuta, kamwe si kwenye kadi ileile.

Ahadi za uongo na mipaka ya haki

Kuna programu za kulipia zinazodai kutoa kila kitu kwenye simu yoyote, hata bila namba ya siri. Usiziamini. Simu mpya zinazotoka na Android 10 na kuendelea zinalazimika kufunga data yote kwa fumbo, na ufunguo wake umefungamana na namba yako ya siri na bodi ya simu hiyohiyo. Hata chipu ikichomolewa na kuwekwa kwenye mashine, kinachosomeka ni takataka. Namba ya siri ikisahaulika, data imekwenda. Na fundi akikuambia "nitaiflashi, itafunguka", mwambie aache: simu itafunguka ikiwa tupu.

Kaa karibu na fundi wako hadi mwisho, na uweke namba ya siri kwa mkono wako. Ndani ya simu mna picha za watoto, maneno ya mke na mume, siri za biashara. Mimi simfungulii mtu simu ambayo mwenyewe hayupo, hata anilipe nini, kwa sababu ujuzi huu huu unaweza kumtumikia mwizi.

Fanya haya leo

Ikiwa simu yako ni nzima unaposoma haya, chomeka kebo leo hii. Nakili DCIM na WhatsApp kwenye kompyuta yako, au ya jirani unayemwamini. Hifadhi majina kwenye akaunti ya Google badala ya simu peke yake. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani namba ya siri ya kufungulia simu, au iandike mahali unapoweka vitambulisho. Kisha rudia kila mwezi. Kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa, simu kuharibika si jambo la kushangaza, na anayenakili mapema hupoteza simu tu.