Ndoa Inapohamia Ulaya

Zamani safari ya Ulaya ilikuwa ya padre aliyetumwa masomoni au ya kijana aliyepata nafasi ya chuo. Siku hizi ni safari ya watu wa ndoa. Mwezi wa Julai 2021 Kenya ilitia sahihi mapatano na Uingereza juu ya wauguzi, na tarehe 13 Septemba 2024 ikatia sahihi mengine na Ujerumani, mjini Berlin, juu ya wafanyakazi wenye ujuzi. Hata hapa Kariandusi, kati ya Gilgil na ziwa Elementaita, habari hizi zimeingia majumbani. Wengi wadhani kwamba taabu kubwa ya huko ni baridi. Baridi ina dawa yake, nayo ni koti. Somo letu la leo ni juu ya taabu isiyo na koti: mmoja anapokuwa mwenyeji na mwenzake akabaki mgeni, nao wamo katika nyumba moja.

Chukueni mfano. Mke ni muuguzi. Mume ni dereva wa matatu kati ya Gilgil na Nakuru, anayejulikana katika kila kituo. Mke anatangulia kwenda Köln, Ujerumani. Miezi ya kwanza anafanya kazi kama msaidizi tu, kwa mshahara mdogo, akingoja vyeti vyake vitambuliwe. Anajifunza lugha kwa sababu wagonjwa hawamngojei. Baada ya mwaka na zaidi mume anamfuata. Mke sasa anajua treni, anajua benki, anajua jirani yupi hapendi kelele. Mume hajui kuagiza mkate. Leseni yake ya Kenya inamruhusu kuendesha gari kwa miezi 6 tu tangu ahamie. Baada ya hapo hana budi kufanya mtihani wa maswali na mtihani wa barabarani, kama kijana aliyeanza jana.

Hakuna aliyekosa hapo. Lakini sikilizeni maneno ya nyumbani yanavyogeuka. "Baba watoto, lete hiyo karatasi nijaze mimi." Mara ya kwanza ni msaada. Mara ya hamsini mume ayasikia kama tusi, ingawa mke hakukusudia hivyo. Ananyamaza. Kisha anaanza kukasirikia chumvi, simu, na saa ya mke kurudi kutoka kazini. Naye mke, aliyekesha wodini usiku kucha, anaingia nyumbani na kukuta kazi ya pili: kuwa mkalimani wa mtu mzima aliyenuna.

Wako wanaodhani dawa ni kumkumbusha mke kwamba mume ndiye kichwa cha nyumba. Kwa maoni yetu maneno hayo hayasaidii kitu. Mume huyu amepoteza kazi, lugha na marafiki kwa siku moja. Yumo katika msiba, na mfiwa haponi kwa kupewa cheo. Sisi majirani wa Elementaita tumewaona ndege wale wakubwa weupe, mwari. Hutaga ziwani hapa, penye samaki wachache, kisha huruka hadi maziwa mengine kuvua. Baba na mama hupokezana, mmoja kwenye kiota, mwingine safarini. Hatujasikia wakigombana nani mkubwa.

Kama mume ndiye aliyetangulia na mke akamfuata, mambo ni yale yale. Tofauti ni kwamba machozi ya mke hayaonekani upesi, maana watu huona ni kawaida mwanamke kuacha duka lake au darasa lake na kufuata.

Basi tufanyeje? Tuanze na jina. Ujerumani, kila anayehamia hutakiwa kujiandikisha katika ofisi ya mji ndani ya wiki 2 tangu aingie katika nyumba, akiwa na karatasi ya mwenye nyumba. Nendeni wote wawili, na kila mmoja ashike karatasi zake mwenyewe. Kisha tazameni sanduku la barua mlangoni. Mpeleka barua wa huko hufuata jina lililobandikwa. Jina lako lisipokuwapo, barua yaweza kurudishwa ilikotoka, hata kama umelala ndani. Nyumba nyingi zina jina la yule aliyetangulia peke yake, kwa kusahau tu. Libandikeni la pili siku hiyo hiyo.

Linalofuata ni lugha, na hapa ndipo penye vita. Iko kozi ya serikali ya wageni: vipindi 600 vya lugha na vipindi 100 vya sheria, historia na maisha ya nchi, kila kipindi dakika 45. Mwenzi aliyefuata kwa kibali cha familia anaruhusiwa kufanya kazi, kwa hiyo kishawishi ni kukimbilia kazi ya kufagia, hasa simu za nyumbani zinapodai karo na matibabu. Kama tumbo linaweza kungoja, lugha itangulie. Dereva asiye na lugha atafagia miaka mingi. Mwenye lugha na leseni mpya aweza, baada ya mafunzo mengine, kushika usukani wa basi la mji. Mke apange zamu na mumewe ili aende darasani. Na ajizuie kusaidia upesi. Mume aende dukani peke yake, akosee, arudi na siagi badala ya jibini. Mle hivyo hivyo.

Kuna na giza. Kwetu, karibu na ikweta, mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima. Köln mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtu asiye na kazi anaweza kukaa siku nzima nyuma ya pazia. Mtokeni nje mchana. Jumapili karibu maduka yote hufungwa: Misa, kisha matembezi. Uamuzi mkubwa, kama wa mmoja kurudi Kenya, usifanywe Desemba.

Mtakapojiandikisha mtaulizwa dini. Mkatoliki anayelipa kodi ya mapato hukatwa pia kodi ya kanisa, ambayo huko Köln ni asilimia 9 ya ile kodi, si ya mshahara. Aliyekatwa yuro 300 za kodi huongezewa yuro 27. Marafiki watawashauri mjiondoe rasmi. Jueni kwamba kwa agizo la maaskofu wa Ujerumani la mwaka 2012, anayejiondoa hivyo hazuiliwi kodi tu bali na sakramenti. Jambo hili lizungumzwe kabla ya kupanda ndege, si mbele ya karani, mmoja akijibu hivi na mwenzake vile.

Wanaofikiria Uingereza waulize kwanza kibali ni cha namna gani. Tangu tarehe 11 Machi 2024 wenye vibali vipya vya watunza wazee hawaruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto, na tangu Julai 2025 kazi hiyo imefungwa kwa wanaoombea kutoka nje.

Nanyi wazazi mliobaki, msimwulize mwanenu kwenye simu, "Kwani mkeo ndiye anayekulisha?" Wakati wa baridi, saa nne usiku ya Köln ni saa sita usiku ya Kariandusi. Ameacha usingizi ili asikie sauti yenu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Ni kazi gani mwenzangu alijivunia hapa, ambayo huko hataipata mwaka wa kwanza? Fedha za wazazi wa pande zote mbili zitatumwa na nani, na kiasi gani, wakati mshahara ni mmoja? Na ikiwa mmoja atasema, "Nimeshindwa, nataka kurudi," tumekubaliana kungoja miezi mingapi kabla ya kumjibu?